Mkopeshaji asisubiri hukumu ndipo aikumbuke nyumba tupu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie wajibu wa benki na wakopeshaji wengine kwa nyumba zilizowekwa rehani kisha zikahamwa kabla ya kuuzwa. Ninaishi Buffalo, katika jimbo la New York nchini Marekani, mji ambao umepokea familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia zinazozungumza Kiswahili, na ambako baadhi ya familia hizo zimekwisha kununua nyumba zao wenyewe. Katika mitaa mingi ya hapa nyumba ni za mbao na zimesogeleana sana, kiasi kwamba nyumba ya jirani ikikosa mtu, panya wake, maji yake na hata moto wake vitakufikia wewe uliyelipa deni lako kila mwezi bila kukosa. Hoja yangu ni kwamba wajibu wa mkopeshaji wa kukagua na kulinda nyumba ya namna hiyo unapaswa kufuata hali ya nyumba yenyewe, wala usingoje hatua aliyofikia mahakamani. Sheria ya New York imelikubali jambo hilo kwa sehemu kubwa, ila imeacha mwanya mmoja ambao hapa kwetu huonekana kila majira ya baridi.

Wasomaji wengi walio mbali hudhani kwamba mkopaji wa Marekani akishindwa kulipa, benki huja na kuchukua nyumba siku ya pili. Huenda mambo huenda haraka katika majimbo mengine, lakini New York hakuna nyumba ya makazi inayouzwa kwa deni la rehani bila kesi. Mkopeshaji hutakiwa kwanza kumpa mkopaji notisi ya siku 90, ndipo afungue shauri, na tangu mwaka 2008 sheria imeweka kikao cha lazima ambapo pande mbili hukutana mbele ya mahakama kutafuta mapatano. Kesi huchukua miaka. Muda wote huo jina lililo kwenye hati ni la mkopaji yule yule, na ana haki ya kukaa ndani mpaka mahakama imwamuru atoke.

Tatizo ni kwamba watu hawakai. Barua ya kwanza ya mawakili ikifika, yenye nambari ya shauri na Kiingereza cha kutisha, baba na mama huichukulia kuwa amri ya kuhama. Kwa familia iliyowahi kukimbia vita, karatasi yenye muhuri inayozungumzia nyumba haisomwi kwa utulivu. Tena kuna aibu. Hakuna anayetaka majirani na waumini wenzake wamwone akitolewa vyombo nje. Basi hufungasha na kuhamia kwa ndugu Ohio au Kentucky, na nyumba hubaki. Mwenye hati anadhani si yake tena, huku mkopeshaji akisema bado si yake.

Zamani sheria ilimpa mkopeshaji nafasi ya kusema hivyo. Sheria iliyopitishwa New York mwaka 2009 ilimwajibisha kuitunza nyumba pale tu alipokuwa amepata hukumu ya kuiuza, na kwa kuwa hukumu hiyo ilichukua miaka, wajibu nao ulichukua miaka. Sitaki kumsingizia mtu nia mbaya, lakini mkopeshaji aliyeona kwamba nyumba imeharibika na haitamlipa deni hakuwa na sababu yoyote ya kuiharakisha hukumu ambayo ingemtwisha gharama za kukata majani, kuziba madirisha na kulipa faini za manispaa. Kesi zililala, na nyumba zikaoza.

Mikataba nayo ilimsaidia. Anayetaka kuelewa jambo hili asome mkataba wa kawaida wa rehani uliotumika kwa miaka mingi kwa mikopo inayonunuliwa na Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili zilizoanzishwa na serikali ya Marekani ili kununua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji. Humo mkopaji amekubali kwamba, akiitelekeza nyumba, mkopeshaji anaweza kuingia, kubadilisha kufuli, kuziba milango na madirisha, kumwaga maji yaliyo ndani ya mabomba, na kufungua au kufunga umeme na gesi, kisha gharama yote iongezwe kwenye deni. Mistari michache mbele mkataba huo huo unasema kwamba mkopeshaji halazimiki kufanya lolote kati ya hayo na hawezi kulaumiwa asipoyafanya. Kwa maneno mengine, mkopeshaji amepewa ufunguo wa nyumba tangu siku ya kutia sahihi, ila uamuzi wa kuutumia au kutoutumia ni wake peke yake. Majirani hawakutia sahihi popote, na ndio wanaolipia uamuzi huo.

Ndiyo maana naiheshimu sheria iliyotiwa sahihi na Gavana Andrew Cuomo mwezi wa Juni mwaka 2016 na kuanza kutumika Desemba mwaka huo, baada ya kupigiwa debe kwa muda mrefu na Mwanasheria Mkuu wa jimbo wa wakati huo, Eric Schneiderman. Sheria hiyo inahusu nyumba za makazi za familia moja hadi nne. Inaitaka kampuni inayosimamia mkopo kwa niaba ya mkopeshaji iikague nyumba kwa nje ndani ya siku 90 tangu mkopaji aanze kuchelewa kulipa, kisha irudi kila baada ya siku 25 hadi 35, kwa saa tofauti za mchana, muda wote deni linapokuwa halijalipwa. Ikionekana kwamba nyumba imetelekezwa, kampuni hubandika tangazo mlangoni lenye njia ya kuwasiliana nayo, na siku saba zikipita bila mtu kujitokeza, hulazimika kuifunga nyumba na kuitunza. Inapaswa kubadilisha kufuli ya mlango mmoja, kuziba matundu, kuyakinga mabomba na baridi, kuondoa hatari zilizo wazi, na kuendelea hivyo mpaka nyumba ipate mmiliki mpya au mwenyewe arudi. Nyumba huandikishwa katika orodha inayotunzwa na idara ya jimbo inayosimamia huduma za fedha, na kampuni inayokiuka inaweza kutozwa hadi dola 500 kwa siku kwa kila nyumba. Haya si mambo madogo. Kwa mara ya kwanza wajibu ulitangulia hukumu.

Sasa nieleze mwanya wenyewe. Katika mtaa wetu iko nyumba ya ghorofa mbili iliyojengwa kwa ajili ya familia mbili, mmoja juu na mwingine chini, kama zilivyo nyingi Buffalo. Familia iliyokuwa na rehani iliondoka majani yakianza kupukutika, na gesi ikakatwa muda mfupi baadaye, maana yake ni kwamba mashine ya kupasha nyumba joto ilizimika. Mkaguzi alikuja. Alisimamisha gari upande wa pili wa barabara, akateremsha kioo, akapiga picha ya sehemu ya mbele na kwenda zake. Mwezi wa Januari bomba la bafu la juu lilipasuka. Wanaoishi nchi za joto huenda hawajui jinsi jambo hili linavyotokea. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia tisa, na bomba la shaba lililojaa maji halina pa kuyapeleka. Lakini maafa huonekana siku baridi inapolegea, barafu inapoyeyuka na maji ya mji kuanza kumwagika ndani usiku na mchana bila wa kuifunga koki. Tulitambua pale barafu ilipoanza kutokea kwenye viungo vya mbao za ukuta wa nje, upande wa jikoni, ikishuka mpaka kwenye theluji. Ndani, dari ya chini ilikuwa imekwisha kuanguka juu ya makabati. Tangazo la kampuni lilibandikwa mlangoni mwezi wa Machi. Ilipofika kiangazi ukuta ulikuwa na ukungu mweusi, na wezi walikuwa wamekwisha kuyang'oa mabomba yaliyobaki wakauze shaba.

Kampuni hiyo siitaji, na wala sina uhakika kwamba ilivunja sheria. Hapo ndipo penye hoja. Sheria inasema kwamba, kwa kawaida, nyumba haihesabiwi kuwa imetelekezwa mpaka ukaguzi tatu zinazofuatana, kila mmoja ukiachana na mwenzake kwa siku 25 hadi 35, ziwe zimeonyesha kwamba hakuna mtu na hakuna anayeitunza. Chukua mkopaji aliyeacha kulipa mwanzoni mwa Oktoba. Ukaguzi wa kwanza unaweza kufanywa mwishoni mwa Desemba na bado ukawa ndani ya siku 90. Wa pili utakuja mwishoni mwa Januari, wa tatu mwishoni mwa Februari, kisha siku saba za tangazo. Kampuni inaweza kuitii sheria kwa kila herufi, na fundi wa kumwaga maji akafika baada ya miezi yote ya baridi kali kupita. Ukaguzi uliowekwa ili kuiokoa nyumba hugeuka kuwa shajara ya kuharibika kwake.

Waliopanga siku hizo hawakuwa wajinga, na ni haki niseme walichokuwa wakikihofia. Baada ya msukosuko wa mikopo wa mwaka 2008, kulikuwa na visa vingi Marekani vya makandarasi wa wakopeshaji kuvunja milango ya nyumba zenye watu na kubadilisha kufuli wakati mwenyewe yuko kazini. Mwezi wa Julai mwaka 2016, majuma machache tu baada ya sheria ya New York kutiwa sahihi, Mahakama ya Juu ya jimbo la Washington iliamua shauri la mwanamke aliyerudi nyumbani akakuta mlango wake umewekwa kufuli ya mkopeshaji, na ikasema kwamba kifungu cha mkataba kinachomruhusu mkopeshaji kuingia kabla nyumba haijauzwa hakiendani na sheria za jimbo hilo. Nakubaliana kabisa na hofu hiyo, tena sisi tunaotoka Afrika Mashariki tuna sababu ya kuwa nayo zaidi. Mtu hupigiwa simu usiku kwamba mzazi amefariki, kesho yake yuko uwanja wa ndege, na kwa kuwa nauli ni ghali na mambo ya msiba na mirathi ni marefu, hukaa miezi miwili. Barua zinajaa kisandukuni, theluji haijaondolewa njiani, taa haziwaki. Mkaguzi aliye ndani ya gari ataandika kwamba nyumba haina mtu. Kama huyo naye amechelewesha malipo kwa sababu ya nauli ile ile, basi ukaguzi tatu na tangazo ndivyo pekee vinavyoulinda mlango wake.

Kwa hiyo sipendekezi kwamba siku zipunguzwe kwa kila nyumba. Ninachosema ni kwamba sheria imezichanganya kazi mbili zenye haraka tofauti. Kubadilisha kufuli kunaweza kusubiri; mabomba hayawezi. Nyumba iliyokatiwa gesi au umeme kati ya Novemba na Machi, na mita yake ya maji haisogei, inatoa ushahidi mzito kuliko picha tatu zilizopigwa kutoka barabarani, kwa sababu si rahisi mtu kuishi Buffalo wakati huo bila kupasha nyumba joto. Penye ushahidi huo, ukaguzi mmoja utoshe. Kampuni impigie mkopaji simu, ibandike tangazo siku hiyo hiyo, na siku saba zikipita kimya, fundi aingie, afunge koki kuu, ayamwage maji, asukume yaliyobaki kwa hewa ya kompresa, atie dawa isiyoganda chooni na kwenye sinki, kisha aufunge mlango kwa kufuli ile ile na kuacha taarifa ya alichofanya. Ni kazi ya saa chache. Msafiri wetu akirudi atakuta nyumba ya baridi yenye maudhi kidogo, lakini atakuta dari iko juu.

Sheria yenyewe ina njia nyingine mbili ambazo watu wetu hawazijui. Moja ni kwamba mahakama au mamlaka ya serikali ikitamka, baada ya kumpa mkopaji taarifa, kwamba nyumba ni hatari kwa afya au usalama wa watu, hakuna haja ya kungoja ukaguzi tatu. Nyingine ni kwamba wakopaji wenyewe wanaweza kuandika tamko la kiapo kwamba wameamua kuhama. Hii ya pili naitaja kwa kusitasita, maana ushauri wangu wa kwanza kwa familia yoyote ni kutohama: wakae, waende kwenye kikao cha mahakama, watafute wakili wa msaada wa kisheria. Lakini familia iliyokwisha kuamua, na yenye uhakika wa kule iendako, ingewatendea hisani kubwa jirani zao kama ingeandika karatasi hiyo kuliko kuondoka kimya kimya na kuacha taa ya barazani ikiwaka kama danganya toto.

Kuhusu orodha ya jimbo nina lalamiko fupi. Haiko wazi kwa umma, ila maafisa wa miji huweza kupata taarifa zake. Jirani anayetaka kujua ni kampuni gani inayosimamia mkopo wa nyumba inayomvujia maji hawezi kuifungua aitazame. Hupiga simu ya idara au nambari 311 ya mji, kisha anangoja. Naelewa kwamba orodha ya nyumba tupu ni zawadi kwa wezi. Hata hivyo, wezi wa mtaani kwetu hawajawahi kuhitaji orodha.

Wakopeshaji wana hoja ambayo haipaswi kupuuzwa, nayo ni gharama. Wanauliza kwa nini watengeneze mali ya mtu mwingine, ambayo huenda wasiipate kamwe. Jibu la kwanza ni kwamba gharama hizo mara nyingi huziongeza kwenye deni la mkopaji, hata ada ya yule aliyepiga picha akiwa garini. Hapo ndipo mimi ningeweka kikomo: ukaguzi usiothibitika kwamba mtu aliteremka na kuizunguka nyumba usitozwe hata senti. Jibu la pili ni kwamba taasisi ndogo za fedha, zile zenye sehemu isiyofika tatu ya kumi ya asilimia moja ya soko la rehani la jimbo, zimesamehewa na sheria. Jibu la tatu ni kwamba mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na serikali ya Marekani kupitia FHA, shirika lake la kudhamini mikopo ya nyumba, ilikuwa na kanuni za kukagua na kuhifadhi nyumba tupu muda mrefu kabla ya New York, na wakopeshaji waliendelea kuitoa. Anayeweza kuikagua nyumba kila mwezi kwa sababu serikali ndiyo itakayomfidia, anaweza kuikagua pia kwa sababu kuna watoto wanaolala upande wa pili wa ukuta.

Namalizia na Kenya, kwa sababu tunazungumzia mitaa ya Buffalo huku ndugu zetu wakiwa na mikopo ya nyumba huko. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mweka rehani ayatunze majengo na amruhusu mkopeshaji, kwa notisi, kuingia kuyakagua. Ni mamlaka tena, bila wajibu. Kifungu cha 97 kinamtwika mkopeshaji wajibu wa kutafuta bei nzuri kadiri inavyowezekana siku ya kuuza, na kinamtaka afanye tathmini ya thamani kwanza. Lakini kabla ya siku hiyo kuna notisi ya miezi mitatu, kuna nyingine ya siku 40, na mara nyingi kuna amri ya zuio na kesi inayoahirishwa mwaka baada ya mwaka. Katika muda huo nyumba inaweza kuwa tupu. Huko hakuna baridi ya kupasua mabomba, lakini kuna mchwa, kuna upepo wa bahari unaokula mabati na nondo, na kuna wanaong'oa milango, masinki na nyaya. Kisha mthamini huja, hutazama gofu, huandika bei ya gofu, na mkopaji hudaiwa salio.

Naomba wabunge wa Kenya wakiongezee kifungu hicho cha 97 sharti moja. Mkopeshaji aliyekwisha kutoa notisi ya kutolipwa, akajua au akawa na sababu ya kujua kwamba nyumba ni tupu, aikague kila mwezi na kuifunga dhidi ya mvua na wezi, hata kama mnada umezuiwa. Na siku atakapofika mahakamani kudai salio la deni, aonyeshe nyumba ilikuwa katika hali gani alipojua kwamba haina mtu na ilikuwa katika hali gani iliponadiwa, na tofauti iliyoletwa na uzembe wake ipunguzwe kwenye anachodai.

Msomaji wako,
Buffalo, New York